Nafasi Mbili Zilizoachwa Wazi Monaco: Majibu kwa Wasomaji

Katika toleo lililopita tuligusia kifo cha Ayrton Senna, Mbrazili aliyekuwa bingwa wa dunia wa Formula 1 mara 3, ambaye gari lake liligonga ukuta wa kona ya Tamburello, Imola, nchini Italia, tarehe 1 Mei 1994. Nilitarajia barua za kuuliza chanzo cha ajali. Badala yake, nyingi zilihusu jambo ambalo makala ile iliipitia kwa sentensi moja tu, yaani mbio za Monaco zilizofanyika siku 14 baadaye. Nimeona niwatengee wasomaji hao safu nzima, kwa sababu ni suala ambalo nimelifikiria kwa miaka mingi na halijibiki kwa aya moja.

SWALI: Ndugu mwandishi, Senna alifariki Jumapili, akazikwa Alhamisi, na Jumapili iliyofuata ile ya pili wenzake walikuwa wamekwisha kaa kwenye magari wakisubiri taa. Nijuavyo mimi, marehemu hupewa heshima yake kwanza ndipo shughuli zikaendelea. Je, kufanyika kwa mbio za Monaco hakukuwa dharau? Kwa nini hazikuahirishwa?

JIBU: Ndugu yangu, uchungu wako nauelewa na sitajaribu kuupoza kwa maneno matamu. Lakini kabla hatujaihukumu Monaco, turudi kwanza Imola, kwa sababu naamini kama palikuwa na kosa la heshima, lilitendeka kule.

Ijumaa ya tarehe 29 Aprili, gari la Rubens Barrichello liliruka juu ya ukingo wa kona, likagonga uzio wa matairi na nyavu, na kijana huyo akatolewa akiwa hana fahamu. Jumamosi, Roland Ratzenberger, raia wa Austria mwenye umri wa miaka 33 ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameanza msimu wake wa kwanza wa Formula 1, alivunjikiwa na bawa la mbele akiwa katika kasi inayozidi kilomita 300 kwa saa. Gari likaacha kutii usukani, likaparamia ukuta wa zege, na akafariki. Hakuna dereva aliyekuwa amekufa katika mashindano ya Formula 1 tangu mwaka 1982, na ungetegemea kwamba msiba wa namna hiyo ungesimamisha kila kitu, angalau kwa siku moja ya kutafakari. Haikuwa hivyo. Jumapili magari yalipangwa mstarini kama kawaida. Gari la JJ Lehto likazimika pale pale, Pedro Lamy akaligonga kwa nyuma, vipande vikaruka mpaka kwa watazamaji na kuwajeruhi baadhi yao. Katika mzunguko wa 7 Senna akatoka njiani. Akapelekwa Bologna kwa helikopta, kisha mbio zikaanzishwa upya na kukimbiwa hadi mwisho, na saa 12:40 jioni ikatangazwa kwamba bingwa hayupo tena.

Sasa tuje kwenye kuahirisha. Monaco si uwanja ambao unaweza kufungwa leo na kufunguliwa mwezi ujao. Ni barabara za mji, ambazo huwekewa vizuizi vya chuma, majukwaa na nyavu kwa wiki kadhaa kabla ya mashindano, na siku zikipita mji hurudishiwa barabara zake. Kalenda ya msimu nayo imebana, mikataba ya televisheni na ya wadhamini imesainiwa, na tiketi zimekwisha kuuzwa. Hizo ni sababu za fedha na za upangaji. Ni za kweli, ingawa sidai kwamba zinatosha mbele ya jeneza.

Kuna pia mazoea ya mchezo wenyewe, ambayo yalikuwa makali kuliko wasomaji wengi wanavyodhani. Mwaka 1970 Jochen Rindt, aliyekuwa akiongoza ubingwa kwa pointi nyingi, alikufa Monza wakati wa majaribio ya Jumamosi, tarehe 5 Septemba, na Jumapili yake mbio zikafanyika pale pale, Clay Regazzoni akashinda. Timu yake ya Lotus ndiyo iliyojitoa, na ikakosa pia mbio za Kanada. Iliporejea Watkins Glen, Marekani, tarehe 4 Oktoba, kijana Emerson Fittipaldi, katika mbio zake za 4 tu, alishinda, na ushindi huo ukahakikisha kwamba Jacky Ickx hawezi tena kumfikia marehemu kwa pointi. Rindt akawa bingwa wa dunia akiwa kaburini, na mpaka leo hakuna mwingine. Ukilinganisha na siku hizo, wiki 2 za mwaka 1994 zilikuwa muda mrefu.

Mbio zilipofutwa kweli, mara nyingi haikuwa kwa ajili ya madereva. Mwaka 1955 gari liliporushwa kati ya watazamaji Le Mans na kuua zaidi ya watu 80, mashindano makubwa ya Ufaransa, Ujerumani, Uswisi na Hispania ya mwaka ule yalifutwa, na Uswisi ikapiga marufuku mbio za magari za viwanjani kwa miongo mingi. Mtazamaji aliyekufa aliutikisa mchezo mzima, ilhali dereva aliyekufa alihesabiwa kuwa amelipa bei aliyoijua. Fikra hiyo ndiyo inayonichukiza mimi kuliko tarehe yoyote ya kalenda. Ndiyo maana sipimi heshima kwa idadi ya siku zilizopita kati ya kifo na mbio zilizofuata. Napima kwa kuuliza siku hizo zilitumika kufanya nini. Kati ya Jumamosi na Jumapili ya Imola hakikubadilishwa kitu. Kati ya Imola na Monaco, na hasa ndani ya siku 4 za Monaco kwenyewe, mambo yalianza kubadilika, kama nitakavyomweleza msomaji wa swali la tatu.

SWALI: Nimeona picha ya mbio hizo na nafasi mbili za mbele kabisa hazina magari. Je, kuna madereva waliopewa adhabu, au magari yaliharibika kabla ya kuanza?

JIBU: Hapana, hakuna aliyeadhibiwa. Safu ya kwanza iliachwa wazi kwa makusudi, na ukiitazama vizuri picha yako utaona kwamba lami ya nafasi zile mbili imepakwa rangi: moja rangi za bendera ya Brazili kwa ajili ya Senna, na nyingine rangi za bendera ya Austria kwa ajili ya Ratzenberger. Kabla ya mbio madereva walisimama pamoja mbele ya mstari kwa dakika moja ya kimya, kisha wakaenda kuvaa kofia zao.

Aliyekuwa na muda bora zaidi alikuwa Michael Schumacher, na ilikuwa mara yake ya kwanza katika Formula 1 kupata haki ya kuanza mbele ya wote. Haki yenyewe ikawa ya kutazama lami tupu iliyopakwa rangi mbele ya pua ya gari lake. Kila nikiirudia picha hiyo macho yangu huenda kwenye nafasi zile mbili kwanza, ndipo yatafute magari.

Pengo lilikuwa kubwa kuliko safu moja. Senna alikuwa ameshinda Monaco mara 6, mara 5 kati ya hizo zikiwa mfululizo kuanzia mwaka 1989 hadi 1993, na kwa miaka 10 mizima, tangu 1984, hakuna aliyeshinda katika mitaa ile isipokuwa yeye na Alain Prost. Prost alikuwa amestaafu mwishoni mwa mwaka 1993. Nelson Piquet alikuwa ameondoka kabla yake, na Nigel Mansell alikuwa akishindana Marekani. Kwa hiyo, siku ile ya tarehe 15 Mei, katika magari yote yaliyopangwa hapakuwa na hata dereva mmoja aliyewahi kuwa bingwa wa dunia.

Kuhusu mbio zenyewe sina mengi. Damon Hill na Mika Häkkinen waligongana mwanzoni kabisa, kwenye kona ya Sainte Dévote, wote wawili wakaishia hapo. Schumacher aliongoza mizunguko yote 78, Martin Brundle akawa wa pili, na Gerhard Berger wa tatu. Huyu Berger tutamrudia.

SWALI: Mwandishi, unasema mambo yalibadilika Monaco. Mimi naona walipaka rangi tu barabarani, wakanyamaza dakika moja, wakaendelea. Ni nini hasa kilichobadilika?

JIBU: Nashukuru kwa ukali wa swali lako, maana rangi peke yake na ukimya peke yake, kama ulivyosema, havimlindi dereva anayefuata.

Alhamisi ya tarehe 12 Mei, siku ya kwanza ya majaribio, Karl Wendlinger wa timu ya Sauber, naye raia wa Austria, alitoka kwenye handaki akateremka kuelekea kona za kando ya bandari, akakosa kulimudu gari wakati wa kufunga breki, na gari likagonga kizuizi kwa ubavu. Magari ya wakati huo yalimwacha dereva kichwa na mabega yake yakiwa wazi juu ya ubavu wa gari, na kichwa cha Wendlinger ndicho kilichopokea pigo. Alipoteza fahamu na kubaki hivyo kwa wiki kadhaa. Sauber ikamwondoa pia dereva wake mwingine. Williams ya Senna na Simtek ya Ratzenberger, timu mbili zenye misiba, zilikuja na gari moja moja. Hebu fikiria hali ya walioamka asubuhi ya Ijumaa katika mji ule.

Ratiba ya Monaco ilikuwa na desturi yake: majaribio hufanyika Alhamisi, na Ijumaa hupumzikwa. Mwaka ule mapumziko hayakuwepo. Madereva walikutana na kukifufua Chama cha Madereva wa Grand Prix, kilichoanzishwa mwaka 1961 na kufa mwaka 1982, wakawateua bingwa wa zamani Niki Lauda, Schumacher, Berger na Christian Fittipaldi kuwasemea. Wazo halikuzaliwa Monaco. Asubuhi ya siku aliyokufa, Senna alikuwa amezungumza na wenzake kule Imola juu ya kukirudisha chama hicho, na alikuwa tayari kukiongoza. Kwa hiyo kikao cha Ijumaa kilikuwa kumalizia kazi ambayo marehemu aliiacha mezani, na kwangu mimi hiyo ndiyo maombolezo yenye maana kuliko yote yaliyofanyika mwishoni mwa wiki ile.

Siku hiyo hiyo Max Mosley, rais wa Shirikisho la Kimataifa la Magari, FIA, alitangaza mabadiliko ya kiufundi yatakayoingia kwa hatua, kuanzia mbio za Hispania za tarehe 29 Mei. Hapa naomba nieleze kidogo, kwa sababu watu husikia neno “usalama” bila kuona kinachotendeka kwenye chuma. Gari la Formula 1 hushikamana na barabara kwa nguvu ya hewa. Hewa inayopita kwa kasi chini ya sakafu ya gari hulivuta lishuke, na kadiri sakafu inavyoikaribia lami ndivyo mvuto unavyoongezeka, na ndivyo dereva anavyoweza kuingia konani kwa kasi kubwa zaidi. Shida ni kwamba sakafu ikigusa lami mkondo ule wa hewa hukatika ghafla, na gari lililokuwa limeganda barabarani huwa jepesi kufumba na kufumbua. FIA ilianza kwa kupunguza ukubwa wa vifaa vya kuongoza hewa mbele na nyuma, na kuanzia mbio za Ujerumani, tarehe 31 Julai, kila gari lililazimika kufungwa ubao wenye unene wa milimita 10 chini ya sakafu, ili asiwepo wa kulishusha gari kupita kiasi. Ubao huo haukuwa wa mapambo. Tarehe 28 Agosti, Ubelgiji, Schumacher alivuka mstari wa kwanza, lakini ubao wake ukakutwa umelika kupita kipimo kinachoruhusiwa, akanyang'anywa ushindi.

Mwaka 1995 ukubwa wa injini ulishushwa kutoka lita 3.5 hadi lita 3.0. Mwaka 1996 kingo za pembeni ya kichwa cha dereva ziliinuliwa, jambo ambalo kila aliyeona ajali ya Wendlinger alielewa sababu yake bila kuambiwa.

Barabara nazo ziliguswa. Berger amewahi kusimulia kwamba yeye na Senna walikwenda kwa miguu kuutazama ukuta wa Tamburello, pale ambapo Berger mwenyewe aligonga na gari lake kuwaka moto mwaka 1989, wakakubaliana kwamba ukuta hauwezi kusogezwa kwa sababu nyuma yake kuna mto. Mto upo kweli. Lakini baada ya kifo ilionekana kwamba kama ukuta hausogei, basi njia inaweza kupindwa: mwaka 1995 Tamburello haikuwa tena kona ya kupita kwa kasi ya mwisho, iligeuzwa kuwa kona za kupunguza mwendo. Barcelona, wiki 2 baada ya Monaco, madereva walidai sehemu moja ya hatari ipunguzwe kasi, na ikawekewa kona ya muda kwa matairi yaliyofungwa pamoja. Haikupendeza macho hata kidogo. Ila miezi miwili tu kabla yake hakuna dereva ambaye angesikilizwa akidai kitu kama hicho.

Sitaki uamini kwamba kila mtu alifurahia. Kule Barcelona timu kadhaa zililalamika vikali kwamba mabadiliko yamefanywa kwa haraka mno bila majaribio ya kutosha, na malalamiko hayo hayakuwa ya hila tupu. Andrea Montermini, aliyechukua nafasi ya Ratzenberger Simtek, aligonga ukuta vibaya akaumia miguu. Haraka nayo ina hatari zake. Hata hivyo, kati ya haraka ile na ule utulivu wa miaka 12 uliowafanya wakuu wa mchezo waamini kwamba kifo kimeacha kuja, mimi naichagua haraka.

SWALI: Mimi ni mama na mwanangu anapenda sana mbio hizi. Ninachotaka kujua si ufundi. Mwenzake Senna katika timu aliwezaje kukaa tena ndani ya gari la aina ile ile, kabla hata hawajajua kilichomuua mwenzake? Moyo wa namna gani huo?

JIBU: Mama, mtu unayemuulizia ni Damon Hill, aliyekuwa na umri wa miaka 33 na msimu wake wa pili tu katika Williams. Siwezi kuingia moyoni mwake, lakini naweza kukueleza nyumba aliyotoka, na pengine utapata jibu humo.

Baba yake, Graham Hill, alikuwa dereva pia. Mwaka 1968 alikuwa Lotus pamoja na Jim Clark, Mskoti bingwa wa mwaka 1963 na 1965, ambaye wengi walimwona kuwa hana mpinzani. Tarehe 7 Aprili mwaka huo Clark aliuawa Hockenheim, Ujerumani, katika mbio za daraja la chini la Formula 2, gari lake lilipoacha njia na kugonga miti. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 7 Mei, Mike Spence aliyeingia kuziba pengo lake alikufa Indianapolis, naye akiwa ndani ya gari la Lotus. Siku 5 tu zilipita. Tarehe 12 Mei, Jarama, Hispania, Graham Hill akapanda gari la Lotus, akashinda. Alishinda tena Monaco wiki 2 baadaye, na mwisho wa mwaka akawa bingwa wa dunia. Damon alikuwa mtoto wa miaka 7.

Turudi 1994. Monaco, kama nilivyosema, Damon hakumaliza hata mzunguko mmoja. Kisha ikaja Barcelona, tarehe 29 Mei, na pembeni yake katika timu akiwa kijana David Coulthard aliyekuwa anashiriki Formula 1 kwa mara ya kwanza, akiendesha gari namba 2, namba iliyokuwa ya Senna. Gari la Schumacher lilinasa katika gia ya 5 kwa sehemu kubwa ya mbio, na hata hivyo akamaliza wa pili, jambo ambalo watu wa ufundi bado hulizungumza kwa mshangao. Aliyeshinda ni Hill. Baba na mwana, miaka 26 kati yao, nchi moja, mwezi mmoja wa Mei, kila mmoja akiwapa mafundi waliofiwa sababu ya kuinua vichwa. Sijui tukio jingine katika mchezo huu linalofanana na hilo.

Unaniuliza ni moyo wa namna gani. Ninachokiona mimi ni kwamba timu ya mbio ina watu wengi wasioendesha: mafundi, wahandisi, wapishi, madereva wa malori. Hao wote hurudi kazini na kulikuta gari lile lile. Dereva aliyebaki akikataa, na wao wote hubaki wamekaa na maiti ya kazi yao. Nadhani Hill alilijua hilo tangu utotoni. Lakini, mama, aliyesema hapana naye asidharauliwe. Berger alizika rafiki yake São Paulo tarehe 5 Mei na Mwaustria mwenzake Salzburg tarehe 7 Mei, akafika Monaco akiwa hajaamua kama ataendelea na kazi hii, na kama angeamua kuiacha hakuna mwungwana ambaye angemlaumu. Aliendelea, akapanda jukwaa la washindi Jumapili ile. Mwanao akikuuliza nani kati yao alikuwa na ushujaa, mwambie tu kwamba kila mmoja alipewa nafasi ya kuamua mwenyewe.

SWALI: Mbona kila mara mnazungumzia Formula 1? Marekani bingwa wa mara 7, Dale Earnhardt, alikufa na wiki moja baadaye wakakimbia. Hilo nalo unaliitaje?

JIBU: Umenikumbusha vyema. Earnhardt alikufa tarehe 18 Februari 2001 kwenye mzunguko wa mwisho wa Daytona 500, mbio za NASCAR, yale mashindano ya magari ya Marekani, na mbio zilizofuata zilipangwa Rockingham, North Carolina, tarehe 25, mvua ikazisogeza mpaka Jumatatu ya tarehe 26. Mwanawe, Dale Earnhardt Jr., alishiriki, na akagonga ukuta katika mzunguko wa kwanza kabisa. Walioona hawakuhitaji kueleza walichohisi. Alitoka mzima. Mshindi alikuwa Steve Park, aliyekuwa akiendesha gari la timu iliyomilikiwa na marehemu mwenyewe.

Kitu kimoja cha Rockingham nakipenda. Gari la Earnhardt lilikuwa jeusi, namba 3, na kila mpenzi wa mchezo ule alilijua kwa mbali. Mmiliki wa timu, Richard Childress, hakutaka mtu mwingine aingie ndani ya gari jeusi namba 3, basi likapakwa rangi nyeupe, likapewa namba 29, na kijana Kevin Harvick akakabidhiwa. Wiki 2 baadaye, tarehe 11 Machi, Harvick alishinda Atlanta kwa tofauti ya sekunde 0.006 dhidi ya Jeff Gordon, akatoa mkono dirishani akiwa ameinua vidole vitatu. Msimu mzima watazamaji walisimama katika mzunguko wa 3 na kuinua vidole vitatu, nao watangazaji wakanyamaza. Namba ile haikurudi katika mbio za ngazi hiyo mpaka mwaka 2014. Katika Formula 1 ya wakati wa Senna namba zilikuwa za timu, si za dereva, na ndiyo sababu namba 2 ilirejea njiani baada ya wiki 4. Lakini Jules Bianchi alipofariki mwaka 2015 kutokana na ajali aliyoipata Japani, namba 17 iliondolewa kabisa.

Na kama unataka mfano wa waliosimama, upo Marekani hiyo hiyo. Dan Wheldon, bingwa wa mwaka 2005 wa IndyCar, mashindano mengine ya magari ya huko, alikufa Las Vegas tarehe 16 Oktoba 2011. Mbio zilikatishwa pale pale. Wenzake walirudi njiani kwa mizunguko 5 ya taratibu, magari matatu matatu sambamba, wakaegesha, na msimu ukaishia hapo.

SWALI: Wendlinger alipona?

JIBU: Alipona. Mwaka 1995 alirejea Sauber kwa mbio chache, kisha akahamia mbio za magari ya GT, yaani yale yanayofanana na magari ya kasi ya barabarani, na mwaka 1999 akawa bingwa wa FIA GT pamoja na Olivier Beretta.